Kwanza Nyumba Ilale

Nyumba ikiungua, watu husema ni hitilafu ya umeme. Husema hivyo redioni, husema hivyo msibani, husema hivyo majirani wakiwa bado wameshika ndoo tupu. Kisha hutikisa vichwa na kwenda zao, kana kwamba hitilafu ni mnyama aliyetoka porini, akaingia dirishani, akala akashiba, akaondoka. Neno hilo limenichosha. Hitilafu haijizai. Ina baba, ina mama, na mara nyingi ina shemeji aliyesimama chini ya ngazi akasema, "Ah, wewe funga hivyo hivyo, itashika." Ninayetaka kusimulia habari zake ni mwanamke aliyeutoa umri wake kuwatafuta wazazi wa hitilafu, dari baada ya dari, hata siku moja akawakuta juu ya kitanda cha mama yake mzazi.

Ni wifi yangu, dada wa mume wangu, na ni fundi umeme. Jina alilopewa na wazazi wake analikumbuka karani wa kliniki tu. Mtaa wote unamwita Lalisha.

Ni mrefu, mkimya, na hutembea mfano wa mtu anayetoka chumbani ambamo mtoto amepitiwa na usingizi sasa hivi. Akiitwa kwenye nyumba yenye matatizo hagusi kitu. Husimama katikati ya sebule, hufumba macho, hunusa, husikiliza. Wenye nyumba huanza kujieleza wote kwa pamoja, kila mmoja akimsingizia mwenzake kuwa ndiye aliyeharibu, naye huwaacha wamalize. Kisha husema neno lake, kwa sauti ya chini:

"Lalisheni nyumba."

Aliye karibu na swichi kuu huishusha, na sharti ajibu: "Imelala." Si "tayari", si "haya", si "ndiyo". Imelala. Hapo friji hukata ngurumo yake, feni huzunguka polepole zaidi na zaidi mpaka mabawa yake yakahesabika, na nyumba huingia katika ukimya ambao wenyewe hawajawahi kuusikia ingawa wanakaa humo. Mabati hujinyoosha. Bomba hudondosha tone. Lalisha husema kwamba hapo ndipo nyumba inapoota, na kwamba ukiwa mtulivu utasikia inaota nini.

Hata hivyo haamini. Kabla nyumba haijalala huwa ameijaribu testa yake, ile bisibisi yenye kitaa kinachowaka ikigusa umeme, mahali anapojua umeme upo. Ikishalala huigusisha kwenye waya anaotaka kuushika. Kisha huirudisha pale pa mwanzo, upande wa mita ambao haulali kamwe, aone kama testa yenyewe haijafa katikati ya safari. "Testa ni shahidi," huniambia. "Shahidi anaapishwa kabla, na anaapishwa baada."

Neno hilo la kulalisha halikuanguka kutoka mbinguni. Alipokuwa akijifunza kazi chini ya mwalimu wake, ambaye wote walimwita Fundi Mkuu, walikuwa wakifunga taa katika jiko la shule. Fundi Mkuu yuko juu ya ngazi, mkono tayari kuushika waya. Akauliza kwa sauti, "Zima?" Alitaka kujua kama swichi imezimwa. Aliyekuwa chini alikuwa ameshika balbu aliyotoka kuijaribu. Akadhani anaulizwa hali ya balbu. Akajibu kwa furaha, "Nzima!"

Yatazame maneno hayo mawili kwa utulivu. Aliyeuliza aliuliza sawasawa. Aliyejibu alijibu sawasawa. Lugha yetu hii tamu imeamua kwamba kuua taa na kuwa na afya ni watoto wa sauti moja, na siku ile sauti hiyo ilimtupa Fundi Mkuu kutoka juu ya ngazi hadi juu ya magunia ya viazi. Magunia yalimwokoa. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilijikunja na havikukunjuka tena, na hadi alipostaafu alikuwa akiwaonyesha watu na kusema, "Wengine walipigwa shoti na umeme. Mimi nilipigwa na Kiswahili."

Tangu hapo Lalisha akayapiga marufuku maneno yote mawili kazini mwake. Alitafuta neno lisiloweza kufanana na jingine, akaliokota midomoni mwa akina mama. Mafundi wenzake walicheka hadi wakashika mbavu.

"Unaubembeleza umeme, dada? Unauimbia na nyimbo?"

"Bora niubembeleze mimi," aliwajibu, "kuliko mje kunililia nyinyi."

Nimefuatana naye mara nyingi, kwa sababu napenda kukaa katika nyumba zilizolala. Nimemwona katika nyumba ambako breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ilikuwa ikijiangusha kila mara, na baba mwenye nyumba, kwa hekima yake, alikuwa ameifunga kwa kamba isianguke. Lalisha aliikata kamba ile, akaamuru kila plagi ichomolewe, akaiamsha nyumba tupu. Ikasimama. Akarudisha vitu kimoja kimoja, akisubiri kidogo kila mara: redio, feni, pasi, birika. Birika lilipochomekwa tu, nyumba yote ikazirai. "Mkosaji wenu huyu hapa," akasema. "Breka haikuwa mgonjwa. Breka ndiyo iliyokuwa ikipiga yowe, nanyi mkaifunga mdomo."

Nimemwona akiweka mgongo wa kiganja ukutani juu ya soketi, jinsi mama anavyompima mtoto paji la uso, na kuwaambia wenyewe kwamba soketi haipati homa bila ugonjwa, kwa hiyo wasiitumie tena mpaka ifunguliwe. Nimemsikia akiwafundisha wanawake waliokuwa wakifua kwamba mtu akishikwa na umeme asishikwe na mtu; kwamba kwanza nyumba ilale, ndipo apewe mkono. "Ukimkimbilia kwa huruma," alisema, "huruma yako itawafanya muwe wawili."

Na nilikuwepo siku tulipomkuta mwalimu mstaafu aliyeambiwa, na mtu aliyepita tu, kwamba friji lake linamtekenya vidole kwa sababu waya wa ardhi haujaingia ardhini. Mzee wa watu alikuwa ameutoa waya ule dirishani na kuupanda katika chungu cha maua.

"Na naumwagilia kila asubuhi," alisema kwa fahari.

Lalisha alikichungulia chungu kwa heshima zote. Akamweleza kwamba ardhi inayotakiwa ni ile ya chini kabisa, inayofikiwa kwa chuma kirefu kilichopigiliwa nje ya nyumba; chungu ni ardhi ya kuazima. Hakucheka hadi tulipofika nyumbani. Hapo alicheka mpaka akakaa chini.

Huyo ndiye Lalisha. Sasa nije kwa mama.

Mama mkwe wangu aliolewa na dobi. Baba mkwe alifulia watu, akawanyooshea, katika chumba cha mbele cha nyumba ileile ambamo mama anaishi hadi leo. Nguo za watu zilining'inia humo kila mahali, mashati na magauni, na upepo ukipita ungedhani wageni wasio na miili wanasalimiana. Jioni baba alikuwa akitoka kupeleka nguo kwa wenyewe, akimwachia mama amalizie kola na mikono kwa pasi ya umeme. Akirudi hakupitia mlangoni moja kwa moja. Alipitia dirisha la chumba cha kulala, akagonga kioo kwa kidole, akatamka neno moja tu, akiwa bado ana pini za kubania nguo mdomoni, maana pini hizo hakuzitoa ila kwa kula.

"Mm-zima?"

Na mama, kutoka ndani, tangu alipokuwa bibi harusi hadi mvi zilipomshika: "Mzima!"

Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yao hadharani. Mengine hatukuyaona.

Baba alipotangulia, mama alinyamaza. Hakulia sana, alinyamaza. Sahani iliwekwa mbele yake na kuondolewa ikiwa jinsi ilivyokuja. Taa ya chumbani ikiwashwa aliitazama, ikizimwa alilitazama giza, bila kuonyesha kwamba ameona tofauti. Watoto wake wakahangaika. Shemeji yangu mkubwa, kaka wa mume wangu, ambaye huamini kwamba kila huzuni ina kifaa chake dukani, akamnunulia friji. Pembe ya jiko walikotaka kuliweka haikuwa na soketi. Akamleta fundi wake, mmoja wa wale wenye haraka, ambaye alipanda darini, akazikuta nyaya za taa ya chumba cha mama, akazivua, akasokotea humo nyaya za kuliletea friji umeme, akavingirisha yale maungio kwa mfuko wa plastiki, shemeji akimwambia kutoka chini ya ngazi kwamba itashika. Fyuzi ikaungua siku hiyohiyo. Akaiwekea waya mnene kama utambi wa jiko, akasema sasa haikatiki tena.

Shemeji alitusimulia hayo yote baadaye, bila kuulizwa, na kwa kujisifu. Fyuzi kazi yake ni kufa kabla yetu. Huyu aliipa uzima wa milele, akalipwa, akashukuriwa, na kupewa soda.

Lalisha hakuwepo. Alikuwa mji mwingine kwa kazi ndefu, akifunga nyaya katika jengo jipya la zahanati. Na katika kutokuwepo kwake, jambo likatokea ambalo wote tuliliita muujiza. Jioni moja mama alikuwa ameketi kitandani, taa imewashwa. Taa ile ikafumba jicho, ikafumbua.

Mama akainua kichwa. Akaitazama. Baada ya muda ikafumba tena, ikafumbua.

"Mzima," mama akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tulipoanza kuhangaika. Kesho yake alioga mapema, akachana nywele, akaomba chakula, akamaliza. Jua lilipotua akaketi kitandani kumsubiri. Taa ikamkonyeza, akajibu. Ikawa hivyo kila jioni. Alianza kuitania: "Umechelewa leo, au kuna mteja aliyekushika maneno?" Alinenepa. Alinigombeza kwa kukata vitunguu vinene, na mimi nilipogombezwa nilifurahi hadi machozi yakanitoka, si ya vitunguu.

Kisha ikaja harufu. Mama ndiye aliyetuambia, uso wake uking'aa kama wa msichana.

"Sasa haji mikono mitupu," alisema. "Anakuja na pasi yake. Nusa."

Nikanusa. Kweli ilikuwepo harufu ya joto, ya kitu kilichopashwa moto karibu na kuungua, ile ambayo chumba cha mbele kilikuwa nayo zamani. Mume wangu akanusa, akageukia ukutani asionekane. Tukasimama pale sote katika nuru ile hafifu, watu wazima na akili zetu, tukiivuta harufu ya marehemu.

Lalisha alirudi alasiri moja. Alivua viatu mlangoni, akaingia, akasimama katikati ya sebule. Nilimwona akifumba macho. Nilimwona akiyafumbua.

"Lalisheni nyumba," akasema.

"Hapana," mama akajibu kutoka chumbani.

Hakuna aliyewahi kulijibu neno lile hivyo. Mama akatoka, akikokota kiti chake cha kamba, akakiweka kwenye ujia ulio nje ya mlango wake, chini kabisa ya swichi kuu, akakaa, akapakata mikono.

"Karibu nyumbani, mwanangu. Lakini nyumba hii leo hailali. Ikilala, atakuja akute giza, aseme nimehama."

"Nani, mama?"

"Unauliza nani? Huinusi pasi yake?"

Lalisha alipiga magoti, akaishika miguu ya mama, wakasalimiana vizuri, wakaulizana safari na afya. Lakini mimi nilikuwa nimesimama kando na niliiona pua yake. Pua yake ilikuwa imeingiwa na hofu.

Alituita jikoni, mimi na kaka yake mkubwa.

"Harufu ile si ya baba," alisema. "Ni ya plastiki inayopikwa."

"Haya, nenda kamwambie basi!" shemeji akamjibu. "Mama ameanza kula, wewe unaleta testa. Tukueleweje? Taa ikipepesa kidogo ndiyo nini? Hata mimi jicho langu hupepesa."

"Jicho lako halishiki moto, kaka."

"Wewe mwache mama na mume wake!"

Akaondoka, akaubamiza mlango, na kishindo chake kikaitikisa nyumba ile yenye wagonjwa wawili, mmoja wa nyama na mmoja wa waya.

Jua lilikuwa linashuka. Mama akawasha taa yake, akakiacha kiti kwa muda, akaketi kitandani. Nasi tukaketi ubavuni kwake. Dirisha lilikuwa la dhahabu, kisha la majivu. Kutoka jikoni friji likaamka: nguuu. Taa ikafumba, ikafumbua.

"Mzima," mama akasema taratibu.

Lalisha alikuwa amegeuza sikio upande wa jikoni. Aliinuka kana kwamba ananyoosha mgongo, akaweka nyuma ya kiganja ukutani, juu ya swichi ya taa, akakiacha hapo. Kisha akanikonyeza tutoke.

"Umesikia, wifi?" akaninong'oneza ujiani.

"Friji."

"Friji. Likiamka linavuta kwa nguvu, na waya wake umepanda mgongo wa taa ya mama. Kuna mahali huko juu pamelegea na panapata moto. Na nikiitazama ile fyuzi," akainua macho kwenye kisanduku cha fyuzi kando ya swichi kuu, "hakuna kitakachokatika. Itaungua nyumba kwanza."

Damu ilinipanda. Niliwaza juu ya shemeji, na fundi wake, na soda ile. "Basi twende tukaling'oe friji mbele ya macho yake," nikasema. "Taa ibaki inawaka, aone haikonyezi tena. Aelewe. Yeye ni mtu mzima, hakuna haja ya kumdanganya."

Nilikuwa nimekwisha kupiga hatua. Alinishika mkono.

"Wifi, hapana. Ukweli ndio huo, lakini usipite njia hiyo. Kinachotakiwa kulala ni umeme. Si mama."

"Na nyumba ikiungua na yeye ndani?"

"Nitachungulia kwanza, nilione friji likiamka. Nikiona pabaya nitashuka nimwondoe mama kitini kwa mikono yangu, hata aninyime radhi. Kuishusha ile swichi ni kazi ya kidole. Ila nikiishusha kwa nguvu, atasema binti yake ndiye aliyemzika baba yake mara ya pili. Na atanyamaza tena. Unakumbuka alivyonyamaza."

Nilikumbuka.

Alirudi kwa mama. "Mama, nipe ruhusa nichungulie darini. Sigusi kitu. Macho tu."

Mama alikuwa amekwisha kurudi kwenye kiti chake chini ya swichi.

"Chungulia," akasema. "Ukimwona baba yako, msalimie."

Tukaisimamisha ngazi ujiani, chini ya tundu la dari. Mimi nikaishika kwa mikono miwili. Lalisha akapanda, akausukuma ubao, kichwa chake na mabega yakapotea gizani. Mikono yake yote miwili aliiweka kwenye boriti isiguse waya. Tochi aliibana kwa meno. Nuru ilianza kutembea huko juu, ikipenya kwenye nyufa za mbao na kutuangukia nyuzinyuzi, mimi na mama, kama vumbi la dhahabu. Tukasubiri. Mama alikuwa anatabasamu. Nilihisi, na sioni haya kusema, kwamba hata mimi nilikuwa nasubiri habari za baba.

Friji likaamka.

Juu kitu kikalia, tss, mfano wa tone la maji juu ya pasi ya moto. Harufu ikatushukia yote kwa mara moja. Na hofu ikamsahaulisha Lalisha sheria yake mwenyewe. Likamtoka neno alilolizuia kazini miaka yote, neno la utotoni, nalo likapita kando ya tochi aliyoing'ata, midomo ikiwa imefungwa nusu:

"Mm-zima!"

"Mzima!" mama akajibu papo hapo, kwa sauti changa ambayo sikujua kwamba bado anayo.

Moshi mwembamba ulikuwa unateremka kupitia tundu. Ngazi ilitetemeka, nilijua nikiiachia naye ataanguka. Na lile neno likaja tena kutoka juu, zito zaidi, likibanwa na meno:

"Mm-zima!"

Nilimwona mama akikunja uso. Tabasamu lilibaki mdomoni lakini macho yalikuwa yameanza safari. Yalitoka kwenye taa yakaenda kwenye moshi, yakatoka kwenye moshi yakaenda kwenye mlango wa kile chumba cha mbele, jinsi yanavyokwenda macho ya mwanamke aliyekumbuka katikati ya maongezi kwamba ameacha chungu motoni.

"Pasi!" akasema. Akasimama. "Mungu wangu, pasi! Zima! Miaka yote ile mtu ananiuliza pasi, nami namjibu afya!"

Akainyoosha mikono yake miwili, akaing'ang'ania swichi kuu, akaivuta chini kwa uzito wa mwili wake wote.

Giza. Friji likashusha pumzi ndefu na kunyamaza. Na katika giza hilo mama, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimsikia binti yake mlangoni mwa majirani na kumcheka, akajibu jinsi inavyotakiwa:

"Imelala."

Nilisema nikimbilie maji. "Maji hapana!" Lalisha akapiga kelele, tochi sasa iko mkononi. "Pafifie penyewe. Hakuna kinachopalisha tena." Alibaki juu, akiangaza mahali pamoja tu, mpaka, alivyotuambia baadaye, kitu chekundu kikubwa kama punje ya mtama kikawa cha kahawia, kikawa cheusi. Aliposhuka alikaa kwenye kipago cha chini cha ngazi. Mama alimpapasa gizani hadi akakipata kichwa chake, akakilaza tumboni kwake.

"Ulikuwa na sauti ya baba yako," alimwambia. "Sawasawa na yake. Kama una pini mdomoni."

Tulilala usiku huo kwa majirani. Asubuhi, nyumba ikiwa bado usingizini na shahidi ameapishwa mara mbili, Lalisha alilikata lile fundo lililoungua, akalitenga friji na taa, akalipa friji njia yake na soketi yake. Maungio yote aliyaweka kwenye kisanduku chake, yamebanwa kwa skrubu na kufunikwa. Ule waya mnene akaung'oa, akaweka fyuzi inayojua kufa.

Shemeji mkubwa alifika kazi ikiisha. Mama alikuwa amelihifadhi lile fundo: nyaya mbili zilizosokotana, nyeusi, zimevikwa plastiki iliyoyeyuka ikaganda. Akamwekea kiganjani.

"Ulisema itashika," alimwambia. "Haya. Imeshika."



Siku nyingi zimepita. Siku moja nilimwuliza Lalisha alichokuwa akitaka kujua baba pale dirishani miaka yote ile: afya ya mke, au pasi ya moto? Yeye ndiye mtoto aliyelala chini ya dirisha lile. Aliigeuza bisibisi mkononi.

"Alikuwa na pini mdomoni, wifi," akasema. "Nani angejua?"

Mama hana shaka. Taa yake sasa inatulia jioni nzima, haifumbi jicho. Nilidhani ataikosa ile salamu, na pengine anaikosa. Kuna nyakati namwona ameitazama kitambo. Lakini hakunyamaza tena. Jua likitua hupita chumba hadi chumba, polepole, mkono mmoja ukutani, akichomoa kila kilichochomekwa: redio, pasi, chaji ya simu za wajukuu, na friji pia, jambo linalotuchachushia maziwa kila siku na ambalo hakuna aliyethubutu kumweleza. Akimaliza huliendea dirisha la chumbani, akaugusisha mdomo wake kwenye kioo.

"Nimezima," humwambia.